Watoto wa Wachuma Chai Wamwona Simba

Sisi ni wachuma chai wa shamba moja kando ya barabara ya Kampala kwenda Jinja, nchini Uganda. Watoto wetu wengi wamezaliwa hapa kambini, na wanyama wa porini waliowajua ni tumbili mwizi wa mahindi na nyoka aliyekwisha kukatwa panga. Simba walimwona kitabuni tu. Basi tukakata shauri kwamba Jumatatu ya Pasaka tutawapeleka kwenye bustani ya wanyama ya Entebbe.

Kusema ni rahisi. Mwajiriwa wa kudumu ana nafuu, maana Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa siku saba za likizo yenye malipo kwa kila miezi minne aliyofanya kazi. Lakini kwa kibarua, siku asiyochuma haina kilo, na pasipo kilo hapana shilingi. Katika jamaa nane zilizosafiri, tano ni za vibarua. Tulichanga kidogo kidogo kwa miezi mitano, mtunza fedha akiwa mama mmoja asiyemkopesha hata mumewe, mpaka zikapatikana za kukodi basi dogo na za kiingilio. Watoto walikuwa kumi na tisa. Wadogo walipakatwa.

Mahali penyewe pako ukingoni mwa Ziwa Viktoria, yapata kilomita 40 kutoka Kampala. Palianzishwa mwaka 1952, wakati wa ukoloni, pa kulelea wanyama yatima na waliojeruhiwa. Mwaka 1994 pakafanywa kituo cha elimu ya wanyamapori, ingawa watu hawajaacha kupaita zuu. Hata leo wanyama wengi wa pale ni walionusurika na mitego, au walionyang'anywa wafanya magendo, kama wale kasuku wa kijivu ambao makelele yao yaliwachekesha sana watoto.

Aliyewatia hofu hasa hakuwa simba, kwa kuwa simba alikuwa amelala kama mzee baada ya ugali. Alikuwa domokiatu, ndege mrefu kupita kimo cha meza, mwenye mdomo mpana kama kiatu cha askari. Husimama kimya muda mrefu akimngoja kamongo majini. Watoto walibishana kama yu hai au ni sanamu, mpaka alipopepesa jicho wakakimbia wote.

Kwa faru weupe tulikaa zaidi. Wawili waliletwa kutoka Kenya mwaka 2001, kwa sababu faru wa porini wa Uganda walikuwa wamemalizwa na majangili mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mzee mmoja wetu, aliyekulia upande wa Murchison, aliwaambia watoto kwamba baba yake alikuwa akiwaona huko. Mtoto akamwuliza, "Babu, nyinyi mlikuwa wapi walipouawa?" Mzee hakupata jibu.

Hapo ndipo tulipopatwa. Wakati wa kula matoke tuliyobeba, tumbili alimpokonya mtoto mmoja chapati, wote wakamfukuza, na tulipowahesabu walikuwa kumi na wanane. Aliyekosekana ni msichana wa miaka minne. Ziwa liko pale pale. Mama yake alikimbia moja kwa moja majini bila kusema neno, na sisi tukatawanyika huku na huko, kila mtu akidhani mwenzake ndiye aliyekuwa akimwangalia. Ilipita karibu nusu saa.

Alipatikana kwa sokwe, ameshikwa mkono na mlishaji aliyekuwa na ndoo ya ndizi. Msichana alijua jina la mama yake kuwa "Mama" tu. Matawi mengine mtakaosafiri na watoto, shoneni namba ya simu ndani ya nguo ya kila mtoto, na kila mtu mzima apewe wake kwa majina kabla ya kushuka garini. Sisi tulidhani tunafahamiana vya kutosha.

Tulimshukuru mlishaji yule na kumwuliza mbona yuko kazini sikukuu. Akacheka, akasema sokwe hajui Pasaka, hivyo wao hupokezana zamu, na aliyefanya sikukuu hupumzika siku nyingine. Kibarua mmoja wetu akamwuliza, "Siku hiyo nyingine unalipwa?" Akajibu kwamba analipwa. Tulitazamana.

Njiani watoto walilala, isipokuwa yule msichana, aliyetusimulia habari za sokwe hadi Kampala. Mama yake alikuwa bado na kanga mbichi. Asubuhi ya Jumanne tulikuwa shambani na vikapu mgongoni, na siku hiyo hiyo tawi likaandika barua kwa meneja kuomba vibarua walipwe sikukuu. Barua imepokelewa. Jibu bado.