Betri Huumia Bondeni, Hufia Mlimani

Mpale ni kijiji cha milimani, Usambara, wilayani Korogwe. Mwezi wa Julai asubuhi huko juu ni za ukungu na sweta. Chini, kwenye mashamba ya mkonge yanayozunguka mji wa Korogwe na kuendelea upande wa Handeni, jua la Januari halina huruma. Gari linaloshuka na kupanda kati ya sehemu hizi mbili huchagua asubuhi ya baridi kugoma: dereva anageuza ufunguo, stata inaguna mara mbili, kisha kimya. Hukumu hutolewa hapo hapo: baridi imeua betri.

Baridi inasingiziwa. Betri ya gari bado ni ile ile aliyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859: sahani za risasi zilizozama ndani ya asidi ya salfa. Ile ya volti 12 ina seli sita, kila moja ikitoa takriban volti 2.1. Umeme unapotumika, sahani hupakwa salfeti ya risasi na asidi hugeuka chapwa. Ukichaji, mambo hurudi nyuma. Joto huharakisha kila kitu humo ndani, pamoja na yale tusiyoyataka: maji hukauka, wavu wa risasi unaoshikilia sahani huliwa. Kanuni ya jumla ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza umri wa betri kwa karibu nusu, na chini ya boneti kuna joto kuliko nje. Baridi haifanyi uharibifu huo. Inapunguza tu kasi ya kemia na kuifanya oili ya injini iwe nzito, hivyo injini inadai zaidi kutoka kwa betri inayotoa kidogo. Betri iliyochoka kule bondeni hukutwa uchi huko juu.

Sasa, imechoka kweli? Anza na masikio. Ukisikia "tak-tak-tak" ya haraka huku taa za dashibodi zikififia, umeme haufiki wa kutosha. Ukisikia "tak" moja nzito na taa zimebaki na nguvu zake, itazame stata kabla ya kulaumu kingine.

Kisha mita. Acha gari lilale saa kadhaa. Betri iliyotoka kuchajiwa hudanganya. Ikisoma volti 12.6 au zaidi, imejaa. Kwenye 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12 ni tupu kabisa. Lakini namba hii peke yake imewaponza wengi. Mzee aliyekaa barazani huwezi kujua magoti yake yakoje mpaka umtwishe gunia. Kwa hiyo mwambie mwenzako apige stata huku wewe ukitazama mita. Betri nzima iliyojaa kwa kawaida hubaki juu ya volti 10. Ikiporomoka hadi 8 au 7 wakati muda mfupi uliopita ilisoma 12.6, sahani zimekwisha, na kuichaji ni kupoteza usiku.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote hakigharimu kitu na mafundi wengi hukiruka. Gusa ncha moja ya mita juu ya kichwa chenyewe cha betri, nyingine kwenye kibano cha waya kilichokibana, halafu stata ipigwe. Mita inatakiwa isome karibu sifuri. Ikionyesha nusu volti, umeme unapotelea kwenye ule unga mweupe au wa kijani uliojikusanya hapo. Maji ya moto, magadi kidogo na msasa vitamaliza kazi. Ni betri ngapi zimeuzwa kwa sababu ya unga huo!

Gari likiwaka, pima tena. Altaneta nzima hutoa kati ya volti 13.8 na 14.5. Chini ya 13, betri mpya utakayonunua itakufa njaa kama ya zamani. Juu ya 15 inapikwa, na harufu ya mayai viza itakuambia. Kama kila kitu kiko sawa lakini gari lililolala siku chache haliwaki, tafuta mnyonyaji: redio au alamu iliyofungwa ovyo. Nusu ampea tu humaliza betri ya N50, yenye ampea-saa 50, ndani ya saa 100, yaani siku nne hivi.

Kuna pia betri zinazotolewa garini kwenda kuwasha taa na runinga nyumbani. Mpale ilipata mtambo wa umeme wa jua wa kilowati 48 uliojengwa na kampuni ya Ensol, lakini wapo vijijini ambao bado hutegemea njia hiyo. Sahani za betri ya gari ni nyembamba, zimeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Ukiimaliza kila usiku mpaka runinga izimike, salfeti inaganda na kuwa fuwele ngumu zisizorudi, na miezi michache inatosha kuiua.

Kwa betri yenye vifuniko, fungua kila mwezi wakati wa joto na ujazie maji yaliyotoneshwa. Usiongeze asidi, kwa maana kilichokauka ni maji tu. Sigara na kiberiti viwe mbali, kwani hewa ya hidrojeni inayotoka humo hulipuka.

Na usisubiri Julai. Msimu wa joto ukiisha, mwezi wa Machi au Aprili, mpelekee fundi wa umeme gari lako aipime betri huku stata ikizunguka, kabla hujapanda mlima.