Ukienda Likizo kwa Meli, Usiiache Afya Gatini

Miongoni mwa wakazi wa Kampala, likizo ya ziwani imekuwa jambo la kawaida. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima katika ofisi za Kampala Road, au nyuma ya meza ya duka huko Kikuubo, huwakusanya jamaa zake, wakateremka hadi Entebbe, na katika gati la Nakiwogo wakapanda meli kwenda Visiwa vya Ssese. Visiwa hivyo ni 84. Kilicho kikubwa kuliko vyote ni Bugala, na katika ghuba yake ya Lutoboka ndiko meli ya MV Kalangala ilikoanza kupeleka abiria katikati ya miaka ya 2000. Maji yakiwa matulivu, safari huchukua muda wa saa tatu na nusu hivi.

Safari hiyo si ndefu, wala meli yenyewe si ya anasa. Hata hivyo, kwa habari ya chakula, likizo huanza mapema zaidi kuliko meli. Huanza pale mlango wa nyumba unapofungwa. Kabla ya kufika Entebbe zimekwisha nunuliwa chapati zilizokunjiwa mayai. Gatini hununuliwa sambusa na soda. Melini hufunguliwa biskuti za watoto, nazo huliwa zaidi na watu wazima. Na jioni hoteli ya ufukoni huleta kuku wa kukaanga na chipsi. Kesho yake hufanyika vivyo hivyo. Mtu hurudi nyumbani siku ya nne akiwa na uso wa furaha, lakini viatu vinambana, usingizi umemkimbia, na kama ana ugonjwa wa kisukari au shinikizo la damu, kipimo cha zahanati humweleza habari ambayo hakutaka kuisikia.

Katika meli kubwa za watalii, zile zinazotia nanga Mombasa na Unguja, hali ni hiyo hiyo kwa kipimo kikubwa zaidi. Huko meza za chakula huandaliwa tangu alfajiri hadi usiku, na abiria halipi nyongeza kwa sahani ya pili wala ya tatu. Lakini wenye meli hizo huweka pia vyumba vya mazoezi na sitaha pana ya kutembelea. Katika meli zetu za ziwani hakuna vitu hivyo, kwa hiyo msafiri hana budi kuwa mpishi wake mwenyewe na mwalimu wake mwenyewe wa mazoezi.

KAPU LA SAFARI

Kwa miaka mingi MV Kalangala imekuwa na desturi ya kuondoka Nakiwogo saa nane mchana na kufika Lutoboka kabla ya giza, kisha kurudi asubuhi. (Meli hiyo husimamishwa mara kwa mara kwa ajili ya matengenezo, basi heri kuulizia kabla ya kufunga mizigo.) Saa hizo zina maana kubwa kwa mama anayepanga chakula. Chakula cha mchana chaweza kuliwa nyumbani, kwa utulivu, kwenye saa tano na nusu au saa sita: matoke kiasi, maharagwe au mchuzi wa karanga, na mboga ya nakati au dodo. Mlo wa namna hiyo hushikilia tumbo hadi jioni, na abiria hatakuwa na sababu ya kukimbilia kila sinia inayopita gatini.

Mtu asipande meli akiwa na tumbo tupu, wala asipande akiwa ameshiba hadi kushindwa kupumua. Ziwa Viktoria lina mawimbi yake, hasa upepo wa alasiri unapovuma, na wote wawili, mwenye njaa na mwenye kuvimbiwa, ndio hutangulia kuchafukwa na roho. Anayejijua kuwa na udhaifu huo na aketi katikati ya meli, ambako mtikisiko ni mdogo, aelekeze macho mbali pale maji yanapokutana na mbingu, na aache kusoma gazeti, hata hili. Tangawizi mbichi iliyotiwa katika chai isiyo na maziwa huwasaidia wengi.

Ndani ya kapu vitiwe vitu visivyoharibika upesi. Ndizi mbivu, machungwa na mapera vimejifungia vyenyewe katika maganda, wala havihitaji sahani. Karanga za kuchemsha ni bora kuliko zile za kukaanga zilizonyunyiziwa chumvi. Viazi vitamu vilivyochemshwa, mahindi ya kuchoma na mayai yaliyochemshwa na kuachwa na maganda yake hushibisha bila mafuta. Gonja ya kuchoma ni tamu hata ikipoa. Ama luwombo, chakula cha heshima kinachopikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba, hicho kiliwe kingali moto, kabla ya kuondoka. Nyama au mchuzi uliopikwa usikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida, na joto la ndani ya gari lililosimama juani gatini si la kawaida hata kidogo. Familia nyingi zimeharibikiwa likizo kwa kuku aliyepikwa usiku, akafungwa katika karatasi ya plastiki, akaliwa alasiri ya kesho yake.

Kuhusu vinywaji, hesabu yake ni ya kushangaza. Chupa moja ya soda nyeusi ya mililita 300 huwa na sukari ipatayo vijiko vinane vya chai. Mtoto anayekunywa moja Entebbe, moja melini na moja mezani jioni amekunywa vijiko 24 vya sukari, na hapo bado hajagusa chai wala peremende. Maji ya kunywa, yaliyochemshwa nyumbani na kupoa, yabebwe kwa wingi: upepo wa ziwani humdanganya mtu asijue kwamba anakaushwa na jua. Maji ya ziwa yasinywewe bila kuchemshwa, hata yakionekana maangavu namna gani.

Wanaopita njia ya nchi kavu, kwa Masaka hadi kivuko cha Bukakata, wana jaribu lao wenyewe, nalo linaitwa Lukaya. Hapo basi halijasimama vizuri kabla ya madirisha kujaa nyama na kuku wa vijitini. Nyama ya kuchoma si adui, na kijiti kimoja kikiwa na moto wake si dhambi. Balaa ni chumvi inayonyunyizwa juu yake mara ya pili na ya tatu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha tiwa jikoni.

WATU WALIOPIGA KASIA

Yafaa kukumbuka kwamba zamani hakuna aliyehitaji kuhimizwa kufanya mazoezi katika safari hii. Wenyeji wa Ssese walisifika kwa kuunda mitumbwi ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za miti, na katika karne ya 19 wao walikuwa wapiga kasia wa Kabaka. Wakati wa Mutesa wa Kwanza, nguvu za Buganda juu ya maji zilitegemea mabega yao. Kisha, mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa malale uliua watu wengi mno kandokando ya ziwa, hata serikali ya kikoloni ikawahamisha wakazi wa visiwa hivyo mnamo mwaka 1909, nao wakaruhusiwa kurejea miaka kadhaa baadaye. Abiria wa leo anavuka maji yale yale akiwa ameketi, na injini ndiyo inayofanya kazi ya mabega.

Lakini kuketi saa tatu na nusu mfululizo, baada ya kuketi saa nyingine ndani ya teksi, hakuifai damu. Damu hutuama miguuni, vifundo vikavimba, na kwa wajawazito, wazee na watu wanene hatari ya damu kuganda huzidi. Dawa yake ni rahisi. Kila baada ya nusu saa mtu ainuke, na kama hali ya maji yaruhusu, atembee kutoka mwanzo hadi mwisho wa sitaha mara kadhaa. Asiyeweza kutembea anyanyue visigino na kuvishusha mara ishirini akiwa ameshika ukingo wa kiti, kisha azungushe vifundo vya miguu, kisha mabega. Watoto wapewe shughuli, kama vile kuhesabu visiwa au kutafuta furukombe angani, ili wasilale juu ya biskuti.

Hayo ni kwa meli. Katika mashua ndogo sharti ni kinyume chake: abiria aketi mahali alipoonyeshwa, akiwa amefunga koti la kujiokolea kifuani, wala asiinuke kwenda upande wanakokwenda wenzake. Kampala haijasahau Jumamosi ya Novemba 24, 2018, mashua ya starehe iitwayo MV Templa ilipozama karibu na pwani ya Mukono ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Muziki, pombe na mashua iliyojaa ni vitu visivyopatana. Akiona chombo kimejaa, mtu na akiache kiende. Hata kama amekwisha lipa nauli.

KISIWANI

Mtu akishuka Lutoboka huona ajabu moja. Maji yamejaa sato na sangara, wavuvi wanateremsha samaki mbele ya macho yake, naye anaketi mezani na kuagiza soseji. Samaki mzima wa kuchoma, au aliyechemshwa kwa nyanya na vitunguu, pamoja na matoke au muhogo, ndicho chakula bora kuliko vyote mgeni awezavyo kukipata kisiwani, na mara nyingi hakimgharimu zaidi ya kile cha kukaanga. Ni lazima aseme mapema, maana jiko la hoteli lisipoambiwa neno hutia samaki ndani ya mafuta. Mukene nao wasidharauliwe. Huliwa pamoja na mifupa yao, na hivyo huupa mwili madini ya chokaa. Kwa kuwa huanikwa chini, yafaa waoshwe vizuri katika maji ya uvuguvugu kabla ya kupikwa. Mboga ndizo adimu katika meza za hoteli. Mama mwerevu hubeba karoti, nyanya na matango kutoka soko la Nakasero au Nakawa.

Kutembea ndilo zoezi la Bugala. Mji mdogo wa Kalangala uko juu ya kilima, na barabara itokayo gatini ni ya kupanda tangu hatua ya kwanza. Anayeipanda kila asubuhi kabla ya kifungua kinywa, na kuishuka taratibu, atatimiza kwa siku chache zile dakika 150 za mwendo wa wiki ambazo wataalamu wa afya huzitaka kwa mtu mzima. Ziko pia njia za msituni zenye tumbili na ndege wengi, ingawa anayekijua kisiwa tangu zamani atasikitika kuona michikichi imesimama mahali palipokuwa na msitu. Baada ya mlo wa jioni, robo saa ya kutembea ufukoni hupunguza kupanda kwa sukari mwilini, jambo lenye faida kubwa kwa mgonjwa wa kisukari. Huyo asisahau kula kwa saa zake, na dawa azibebe mkononi, si katika mzigo utakaowekwa chini ya magunia. Akizidiwa, Kalangala kuna kituo cha afya cha serikali.

Kuogelea ndiko wageni wanakokutamani zaidi, na hapo ndipo pa kusema bila kuficha. Katika ziwa hili kuna kichocho cha tumbo. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wadogo waishio katika maji ya kina kifupi, hasa kwenye matete na karibu na vijiji vya wavuvi visivyo na vyoo, navyo hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha kwa muda wa dakika chache tu. Ugonjwa huo hukaa mwilini kwa miaka na kuharibu ini. Wako wanaosema kwamba ufuo wa mchanga mweupe hauna hatari. Mchanga mweupe ni mzuri kwa macho, lakini hauwazuii vijidudu. Anayetaka kuogelea atafute hoteli yenye bwawa. Watoto wacheze mpira mchangani, wakimbizane, wavute kamba, wala wasiachwe kushinda majini hadi magoti kwa kuwa eti hawaogelei.

Aliyekwisha ingia majini asitaharuki, wala asikimbilie dawa kesho yake. Dawa ya kichocho, iitwayo prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa na huwaacha wale wachanga. Kwa hiyo yafaa angoje wiki sita hadi nane tangu siku aliyoogelea, ndipo aende hospitali, amweleze daktari mahali alipokuwa na tarehe, apimwe, na apewe dawa kwa kadiri ya uzito wake. Lakini homa, kikohozi au vipele vikitokea kabla ya wiki hizo kutimia, aende mara moja bila kungoja. Tarehe hiyo iandikwe ukutani, kwenye kalenda ya jikoni, siku ile ile familia inaporudi Kampala, pamoja na majina ya watoto wote walioingia majini.