Kauboi ipi ni kali kuliko zote? Kwa nini orodha ya Marekani haifanani na ya Mwenge

Anzisha mada ya filamu za kauboi kwenye kijiwe chochote cha Mwenge, iwe kwa kinyozi au kwa bodaboda wanaosubiri abiria. Kabla hujamaliza sentensi, mzee mmoja atakuwa ameshataja jina: Django. Wa pembeni atamkatalia, kwake hakuna kama The Good, the Bad and the Ugly. Kijana mwenye bando atafungua simu asome orodha ya kauboi bora za wakati wote, na hapo ubishi unakolea, maana majina yanayotoka karibu hakuna anayeyajua.

Orodha inayotajwa sana ni ya Taasisi ya Filamu ya Marekani (AFI) ya mwaka 2008. Namba moja ni The Searchers ya 1956, steringi akiwa John Wayne. Namba mbili ni High Noon ya 1952, tatu ni Shane ya 1953. Mwongozaji Sergio Leone, aliyetengeneza The Good, the Bad and the Ugly, hana hata filamu moja kwenye kumi bora. Django nayo haimo.

Je, wazee wa Mwenge wamepotea? Hapana. Orodha ile ni ya filamu za Kimarekani, wakati kauboi zinazotajwa kijiweni ni za Waitaliano. Leone alikuwa Mtaliano, na jangwa lile unalodhani ni Texas liko Hispania.

Siri iko kwenye sauti

Kwenye filamu zile waigizaji walitoka nchi tofauti na kila mmoja aliweza kuongea lugha yake mbele ya kamera. Clint Eastwood Kiingereza, mwenzake Kitaliano. Sauti ziliingizwa baadaye studio. Kwa hiyo mwongozaji hakuegemea maneno. The Good, the Bad and the Ugly ya 1966 inapita kama dakika 10 za mwanzo bila mtu kutamka neno. Ni macho, vidole karibu na bastola, na baadaye muziki wa Ennio Morricone unamaliza kazi.

Sasa linganisha na High Noon. Marshal wa mji anasubiri adui yake afike kwa treni, anazunguka mji mzima akiomba msaada, karibu kila mtu anampa sababu ya kukataa. Ni filamu nzuri sana, lakini moto wake uko kwenye mazungumzo. Usipojua Kiingereza, unabaki kumtazama mzee anayetembea huku saa ya ukutani ikisogea.

Hilo lilikuwa na uzito Dar. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994, hivyo picha zilitazamwa kwenye majumba kama Avalon na Empress, au Drive-In ambako watu walikaa ndani ya magari yao. (Eneo la Drive-In leo ni Ubalozi wa Marekani. John Wayne angefurahi.) Baadaye vikaja vibanda umiza na watafsiri kama Lufufu, wanaoongea Kiswahili juu ya filamu. Kwa kauboi za Kitaliano hilo halikuwa geni, zilizaliwa zikiwa zimeingizwa sauti.

Halafu kuna steringi mwenyewe. Kwa Leone si askari wala mtu mwema sana. Yuko pale kutafuta hela, kama watu wengi wa mjini.

Django ipi?

Hapa ndipo vijana na wazee wanapopishana. Kijana akisikia Django anamuwaza Jamie Foxx wa Django Unchained ya 2012. Mzee anamwongelea Franco Nero wa 1966, anayeburuta jeneza kwenye matope, na ndani ya jeneza kuna rashasha. Ilikuwa na ukatili kiasi kwamba Uingereza haikuipa cheti hadi 1993. Jina lilipouza, Waitaliano wakalibandika kwenye filamu nyingi zisizohusiana kabisa na ile ya kwanza. Kwa hiyo wawili wanaobishana kuhusu Django wanaweza kuwa wameona vitu viwili tofauti. Na ndiyo, Franco Nero anaonekana kidogo kwenye ile ya Jamie Foxx, yupo pale baa.

Kuna kundi la tatu kijiweni ambalo halitaki kusikia yote haya. Lenyewe linasema Sholay, ya India, 1975: farasi, treni, bastola, na jambazi Gabbar Singh. Kauboi au si kauboi? Ina alama za Leone kila mahali, na kwa ubabe wa adui, Gabbar hana mpinzani kwenye orodha ya AFI.

Ukitaka kuingia kwenye ubishi huu leo usiku, anza na Django ya 1966, ni saa moja na nusu tu. The Good, the Bad and the Ugly inavuka saa mbili na nusu, na Sholay inavuka tatu. Chaji simu kwanza.