MWAROBAINI UNA FAIDA NYINGI, LAKINI USICHELEWESHE MGONJWA WA HOMA

Katika bahari iliyo kati ya kisiwa kikubwa cha Mafia na bara, kuna kisiwa kidogo. Jina lake ni Shungimbili. Tangu mwaka 2007 kisiwa hicho ni hifadhi ya bahari. Hakuna kijiji huko, wala zahanati.

Sasa fikiri uko chomboni, jirani na Shungimbili. Mwenzako anatetemeka. Kichwa kinamuuma. Mwili wake ni wa moto. Mzee mmoja anasema, "Tukifika nyumbani achemshiwe mwarobaini. Atapona." Je, utakubali? Soma kwanza habari za mti huu.

Mti huu umetoka wapi?

Asili ya mwarobaini ni India na nchi za jirani. Huko waganga wameutumia kwa karne nyingi katika tiba yao ya jadi. Tiba hiyo huitwa Ayurveda, na mti wenyewe wao huuita nimba. Hutumia majani kwa magonjwa ya ngozi, vijiti kwa kusafisha meno, na magome kwa homa.

Kutoka huko mti ulifika Afrika Mashariki. Ukastawi pwani, kwa kuwa hauogopi jua kali wala mchanga. Watu wakauita mwarobaini kwa kuamini kuwa unatibu magonjwa arobaini.

Faida zake

Kata kijiti kibichi, kitafune ncha, upige mswaki. Meno yatakuwa safi.

Chemsha majani, yaache yapoe, chuja. Wengi huoshea ngozi inayowasha. Kama kidonda hakiponi, nenda zahanati.

Kausha majani kivulini, uyachanganye na mahindi au kunde ghalani. Wadudu hawapendi uchungu wake. Katika mbegu zake pia mna dawa inayozuia wadudu kula na kukua.

Na homa je?

Hapa tuwe waangalifu. Malaria huletwa na vijidudu. Huingia katika damu mtu anapoumwa na mbu mwenye vijidudu hivyo. Wataalamu wameupima mwarobaini katika maabara. Wameona vitu fulani ndani yake vinaweza kuua vijidudu vya malaria katika chupa. Lakini chupa si mwili wa mtu. Haijathibitishwa kwamba kikombe cha mwarobaini huponya malaria.

Hatari iko wapi? Mgonjwa hunywa, akatoka jasho, akajiona nafuu. Hukaa nyumbani siku mbili, tatu. Kumbe vijidudu vinaongezeka katika damu. Mtoto mdogo anaweza kufa kwa kuchelewa hivyo.

Tena si kila homa ni malaria. Huenda ni nimonia. Utajuaje bila kupima?

Usimpe mtoto mafuta ya mwarobaini

Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika habari za watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mbegu za mwarobaini. Watoto walitapika, wakasinzia, wakapata degedege. Kwa hiyo usimnyweshe mtoto mafuta hayo hata kidogo. Mama mjamzito naye asinywe mwarobaini.

Fanya hivi

Mtu akipata homa, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Atatobolewa kidole, na tone la damu litapimwa. Jibu hupatikana kwa muda mfupi. Akiwa na malaria atapewa dawa mseto. Dawa hiyo humezwa kwa siku tatu, na lazima aimalize hata akijisikia vizuri.

Akipata degedege, akizimia, au akitapika kila anachokunywa, msingoje. Mpelekeni hospitali mara moja. Kwa watu wa Mafia, hospitali ya wilaya iko Kilindoni. Ninyi wa vyomboni, geuzeni chombo. Samaki watapatikana kesho.

Kama mgonjwa amekwisha kunywa mwarobaini, mwambieni mganga wa zahanati bila kuficha.

Ndugu msomaji, tusiudharau mwarobaini. Tuupande, tupate kivuli, mswaki na dawa ya ghala. Lakini malaria tuitibu kwa kupima na kwa dawa yake.

Maswali ya kujadiliana
1. Katika kijiji chenu mwarobaini hutumika kwa kazi gani?
2. Kwa nini ni hatari kutibu homa bila kupima?
3. Mkiwa baharini na mwenzenu akashikwa na homa, mtafanya nini?