Je, Wajua? Kifaransa cha Dzaleka, Kiingereza cha Mtihani

Je, wajua kwamba Dzaleka, kambi ya wakimbizi wilayani Dowa nchini Malawi, kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe, ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda? Mwaka 1994 ikageuzwa kambi ya watu kama 10,000 hivi. Leo wamepita 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kifaransa wamekuja nacho.

  

Je, wajua kwamba lugha ya shule humfuata mtoto mpaka kwenye hesabu? Fungua daftari la kijana aliyeanzia sekondari Bukavu au Uvira, mashariki mwa Kongo. Katika kugawanya, kigawanyo amekiweka kulia, na jibu analiandika chini yake. Mwenzake wa Malawi anaweka kigawanyo kushoto na jibu juu ya mstari. Tatu na nusu kwa wa Kongo ni 3,5. Kwa wa Malawi ni 3.5. Sasa mwalimu aandike ubaoni 3,500: mmoja anasoma elfu tatu na mia tano, mwingine anasoma tatu na nusu. Kijana wa Kongo hesabu anaijua vizuri, lakini akikosa alama anaambiwa hajui hesabu, na mara nyingi anarudishwa madarasa ya chini kukaa na watoto wadogo. Hilo linauma, hasa kwa kijana aliyekuwa wa kwanza darasani kwao.

Hata Kifaransa chenyewe hakifanani. Sabini, kwa aliyesoma Kongo, Rwanda au Burundi, ni septante, na tisini ni nonante, urithi wa Wabelgiji. Vitabu vya Ufaransa vinasema soixante-dix na quatre-vingt-dix. Zote ni sahihi, na mwalimu anayemkata mtoto alama kwa septante anamwonea.

Je, wajua kwamba katika nyumba moja ya Wanyarwanda, mama anaweza kuwa amesomeshwa kwa Kifaransa na mwanawe kwa Kiingereza? Rwanda iliamua mwaka 2008 kubadili lugha ya kufundishia. Burundi nayo ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi mwaka 2014, pamoja na Kirundi na Kifaransa.

Nchini Malawi kidato cha nne hufungwa kwa mtihani wa MSCE. Humo Kiingereza kina uzito mkubwa. Kifaransa ni somo la hiari. Katika mtaa kama Mtandire, jijini Lilongwe, mtoto wa mgeni hukiokota Chichewa bombani na sokoni akicheza na wenziwe, lakini Kiingereza cha insha hakiokotwi namna hiyo. Kinataka mwalimu, vitabu na muda. Na muda wenyewe haukuwa na uhakika: Machi 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi wanaoishi mijini warudi Dzaleka, na Mei polisi wakaanza kuwakusanya, watoto wa shule wakiwa miongoni mwao.

Je, wajua kwamba Malawi, ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, iliweka pingamizi kwa baadhi ya vifungu vyake, vikiwemo vya kazi ya ujira, elimu ya umma na uhuru wa kutembea? Ndiyo maana mtu aliyefundisha Kifaransa miaka mingi kwao anaweza kuwa anauza nyanya Dzaleka, huku Kifaransa kikiwa kwenye orodha ya masomo ya sekondari za nchi. Kwangu hii ni hasara ya wazi, na inawaangukia wanafunzi wa Malawi sawasawa na wakimbizi.

Jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, SADC, ina lugha rasmi nne: Kiingereza, Kifaransa, Kireno na, tangu Agosti 2019, Kiswahili. Kijana wa Kivu, Kongo, aliyekuja na Kiswahili na Kifaransa, akimaliza kidato cha nne Dzaleka anaweza kutoka na tatu kati ya hizo. Iliyobaki ni Kireno, lugha rasmi ya Msumbiji, ng'ambo tu ya mpaka wa Dedza.