Mke wa Nyumbani katika Nyumba za Kanjo

Zama zile ambapo Marekani, vita vilipokwisha mwaka 1945, wanawake waliokuwa wakiunda ndege na merikebu viwandani waliambiwa warejee jikoni, serikali ya kikoloni mjini Nairobi nayo ilikuwa na hesabu yake juu ya mume na mke, ila katika hesabu hiyo mke hakuwamo kabisa. Mfanyakazi Mwafrika alichukuliwa kuwa kapera, mshahara wake ukakadiriwa kwa tumbo moja, naye akapewa nafasi ya kitanda baina ya wenzake chumbani, ilhali ahali yake iko mashambani ikilima.

Mwaka 1954 kamati ya Carpenter, iliyochunguza mishahara ya Waafrika, ilishauri kwamba ujira wa mtu mzima utosheleze mke na watoto pia. Kaloleni, mtaa wa Nairobi wa miaka ya arobaini wenye viwanja na jumba lake la mikutano, ulikwisha kuonyesha namna familia iwezavyo kukaa mjini. Na chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoasisiwa 1952, kiliwafundisha akina mama kushona, kupika na kulea, mambo ambayo, nathubutu kusema, mengi yake waliyajua tangu kwa bibi zao. Ajabu ni kwamba Aprili ya mwaka huo huo wa 1954, serikali iliyohubiri familia iliwazoa maelfu ya wanaume wa Kikuyu, Embu na Meru katika msako wa Anvil dhidi ya Mau Mau, ikawatia vizuizini, na wake na watoto wengi wakarudishwa vijijini.

Walakini katika mtaa wa Pumwani palikuwa na khabari nyingine. Huko, tangu miaka ya ishirini, wanawake, wengi wao wakiwa wamesilimu, walijenga nyumba za udongo kwa fedha zao wenyewe, wakapangisha vyumba. Hata yule kapera wa serikali, aliyejiona kichwa cha ukoo wake, alibisha hodi mwisho wa mwezi, kodi mkononi, kwa bibi mwenye nyumba.

Na huko kwenye nyumba za kanjo, yaani za baraza la mji, katika chumba kilichogawanywa kwa pazia, kitanda upande huu na wageni upande ule, mshahara haukufika mwisho wa mwezi, basi mke akatoa cherehani barazani au akauza makaa kwa debe. Anayedai kwamba mwanamke wa Eastlands, mashariki ya Nairobi, ameanza juzi kutafuta riziki, na aende Majengo, huko Pumwani, akaulize nyumba za kwanza zilijengwa na nani.