Kinyozi hajinyoi: samaki msafishaji katika tangi la nyumbani

Mwuzaji alimnasa kwa kimia kidogo, akamtia kwenye mfuko wa plastiki, akaujaza oksijeni na kuufunga kwa mpira. "Huyu ukishamweka, kaka, umemaliza kazi. Anasafisha kila kitu. Wenzake hawataugua tena."

Samaki mwenyewe hakuzidi urefu wa kidole changu cha kati. Kichwani alikuwa mweupe mwenye umanjano kidogo, nyuma buluu ya kung'aa, na mstari mmoja mweusi ulianzia mdomoni ukazidi kupanuka hadi mkiani. Nililipa, nikapanda matatu kurudi nyumbani Mombasa, mfuko nimeupakata kama mtoto wa jirani niliyekabidhiwa.

Siku ya kwanza alinifurahisha. Alimwendea kangaja, samaki mkubwa kuliko wote tangini, akacheza mbele yake kwa kuyumba juu na chini, kisha akaanza kumdonoa ubavuni taratibu. Kangaja alitulia, mapezi ameyatandaza. Siku ya nne kangaja alikuwa akimkwepa. Wiki ya pili alikuwa akimfukuza kutoka pembe hadi pembe. Wiki ya tatu nilianza kuona tumbo la yule mdogo limebonyea, mgongo umechongoka. Asubuhi moja nikamkuta nyuma ya pampu, amelala ubavu.

Nilipima maji. Chumvi sawa, joto sawa, amonia hakuna. Wenzake walikuwa wanene, kwani walilishwa mara mbili kwa siku. Yeye alikufa njaa katikati ya shibe ya wenziwe, na kosa lilikuwa langu. Nilimnunua kama mtu anunuavyo ufagio, bila kujiuliza ufagio huu unakula nini.

Jibu nililipata baharini. Ukiteremka Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, ukapanda dau kuelekea hifadhi ya bahari ya Kisite iliyo nyuma ya kisiwa cha Wasini, utafika mahali ambapo maji ni mafupi na angavu, matumbawe yako chini ya miguu. Vaa miwani ya kuzamia, uelee bila kurusha miguu, utafute jiwe la tumbawe lililojitenga kidogo na mengine. Hapo kinyozi ndipo alipofungua duka.

Wateja huja wenyewe. Chewa husogea taratibu, huachama kinywa na kufungua mashavu, na kale kasamaki ka mstari mweusi kakaingia ndani ya kinywa kinachoweza kukameza kwa mkupuo mmoja, kakatokea upande wa pili. Mkundaji akishika zamu hubadilika rangi, akaiva wekundu. Wengine husimama wima, kichwa chini, kama waliosahau kuogelea. Walio nyuma yao hungoja.

Wanachoondolewa ni vidudu. Vingi ni jamii ya vikupe vya baharini visivyozidi milimita chache, ambavyo hutoka chini usiku na mchana, humrukia samaki, humfyonza damu, kisha hudondoka na kujificha. Mtafiti Alexandra Grutter wa Chuo Kikuu cha Queensland aliwafuatilia wasafishaji hawa katika kisiwa cha Lizard, kwenye miamba ya Great Barrier Reef ya Australia. Aina yenyewe ni ileile ya kwetu, Labroides dimidiatus, ambayo makazi yake yanaanzia Bahari ya Shamu na Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki. Mwaka 1996 alichapisha hesabu yake: msafishaji mmoja hula vidudu wapatao 1,200 kwa siku, na ili avipate huwakagua wateja zaidi ya 2,000.

Irudishe sasa hesabu hiyo kwenye sebule yangu. Tangi la lita 300, samaki saba. Hata kama kila mmoja wao angeingia na vidudu kumi, kinyozi angevimaliza kabla ya saa nne asubuhi ya siku ya kwanza. Baada ya hapo kuna nini? Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Nami naongeza kwamba wala hawezi kula mkasi wake.

Kisa cha kangaja kugeuka adui nacho kina maelezo, na ndiyo sehemu iliyonishangaza zaidi. Huyu msafishaji, kwa hiari yake, vidudu si chakula anachokipenda kuliko vyote. Anachokipenda ni ute unaofunika ngozi ya mteja. Grutter na mwenzake Redouan Bshary walimpa achague, mwaka 2003 wakatangaza kwamba huchagua ute. Lakini ute ni kinga ya samaki dhidi ya maradhi, na mteja akidonolewa ute hushtuka mwili mzima. Kwa hiyo kila siku baharini kuna mvutano: kinyozi anatamani kuiba, mteja yuko macho.

Kinachomfanya kinyozi awe mwaminifu ni soko. Bshary, aliyefanya kazi kubwa katika Bahari ya Shamu huko Misri, aliona wateja wako wa namna mbili. Wako wakazi, wenye eneo dogo na kinyozi mmoja tu. Wako na wapita njia, ambao wakichelewa kuhudumiwa au wakidonolewa vibaya huenda duka la pili. Wakifika wote pamoja, mpita njia hutangulizwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ila hapa mwenyeji hungoja. Mkazi hana pa kwenda, kwa hiyo silaha yake ni kumfukuza kinyozi anapomuuma. Na walio kwenye foleni hutazama: kinyozi akimwibia mteja mbele yao, huondoka. Akijua anatazamwa, hujiheshimu.

Tangini soko hilo halipo. Hakuna mpita njia, hakuna duka la pili. Vidudu vikiisha, kilichobaki ni ute wa wakazi saba wasio na mlango wa kutokea, na kinyozi mwenye njaa asiye na mlango naye. Kangaja wangu hakuwa mkorofi. Alikuwa mteja aliyechoka kunyolewa asipokuwa na nywele.

Ahadi ya mwuzaji ilikuwa na tundu jingine. Ugonjwa unaowatesa zaidi wafugaji wa samaki wa maji chumvi ni ule wa madoa meupe, unaomfanya samaki aonekane kama amenyunyiziwa chumvi ya mezani. Kimelea chake hakikai juu ya ngozi kama kupe. Huchimba na kujifukia chini yake, na lile doa unaloliona ni ngozi ya samaki iliyovimba juu ya mdudu. Kinyozi hawezi kumfikia. Siku chache baadaye mdudu huchomoka, huzama kwenye mchanga, hujigawa na kuwa wengi, nao huibuka kutafuta wenyeji wapya. Dawa yake ni karantini: kila samaki mpya akae peke yake katika tangi la pembeni kwa wiki kadhaa, atazamwe, atibiwe ikibidi, ndipo aungane na wengine. Ni kazi ya ndoo na subira, na hakuna kiumbe utakayemlipa akufanyie.

Wala hasafishi kioo. Mtu aliyezoea matangi ya maji baridi, na wale samaki wanaonyonya mwani kwenye kioo, akisikia neno msafishaji hudhani ni hao. Huyu hagusi mwani, wala mabaki ya chakula, wala mchanga. Kwa mwani kuna konokono na kitambaa. Kwa mabaki kuna mkono wako.

Je, hafugiki kabisa? Anafugika, na wako walioishi naye miaka. Ila wanaofanikiwa hawamwajiri, wanamlisha. Kwanza kabla ya kulipa, mwambie mwuzaji atie chakula mbele yako. Kama msafishaji hajadaka chochote, mwache hapo hapo, maana aliyegoma kula dukani hatajifunza nyumbani kwako. Pili, mlishe mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo: kamba wabichi waliokatwakatwa hadi kuwa kama chenga za mchele, mayai ya samaki, vijikamba vya artemia. Tatu, tangi liwe kubwa, lenye samaki wakubwa kadhaa na mapango ya kujificha, ili mateso yagawanyike. Nne, lifunike. Jamii yake huruka, na sakafu si bahari.

Ukitaka wawili, usinunue wowote wawili. Katika miamba dume mmoja humiliki majike kadhaa, na dume akifa, jike mkubwa huanza kujitembeza kama dume baada ya saa chache tu. D. R. Robertson aliyeandika habari hizi mwaka 1972 alionyesha kwamba katika muda wa wiki mbili hivi jike huyo huwa dume kamili anayetoa mbegu. Hivyo mkubwa na mdogo waliotoka mwamba mmoja wanaweza kupatana, ilhali wawili wa kimo kimoja huenda wakapigania cheo.

Nyumba yenyewe iwe tayari kabla ya mgeni. Tangi jipya hulazwa wiki nne hadi sita bila samaki, ili bakteria wanaogeuza amonia wapate kuzaliana. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi katika kila lita, nasi wa pwani hushawishika kuyachota tu ufukoni. Yachote maji yakiwa yamejaa, mbali na mlango wa mto na mifereji ya mji, uyachuje. Yakipungua kwa joto la mchana, yajazie kwa maji baridi safi, usijazie ya chumvi, kwani kinachopaa ni maji, chumvi hubaki. Na stima ikipotea, pampu ndogo ya betri itaokoa roho nyingi kuliko kinyozi yeyote.

Lakini kabla ya yote hayo liko swali la mwamba alikotolewa. Pwani ya Kenya huuza nje samaki wa mapambo, na wapiga mbizi huwakamata kwa vyavu vidogo, mmoja mmoja, wakiwemo wasafishaji. Ndani ya hifadhi kama Kisite hilo haliruhusiwi. Nje yake ni kazi halali yenye leseni, na kuna nyumba zinazopika kwa pesa hiyo. Sitamlaumu mpiga mbizi. Ila kumwondoa kangaja mmoja ni kumwondoa kangaja mmoja. Kumwondoa kinyozi ni kufunga duka la mtaa. Katika kisiwa kile cha Lizard watafiti waliwaondoa wasafishaji kwenye miamba midogo na kuwazuia wasirudi kwa miaka minane na nusu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011: samaki wakazi walikuwa pungufu kwa asilimia 37, na aina zao pungufu kwa asilimia 23, kuliko kwenye miamba yenye vinyozi.

Pono tu ndiye nadhani angevumilia kidogo, walau usiku. Tunamsema kwa usingizi wake, kumbe ana sababu ya kulala vizuri. Aina nyingi za pono hujifunga ndani ya mfuko wa ute kabla ya kulala, na Grutter na wenzake waligundua kwamba mfuko huo huvizuia vikupe vya usiku. Waliufananisha na chandarua. Asubuhi anauvunja, anakwenda kwa kinyozi. Baharini kila mmoja ana mpango wake wa afya, na mipango yote imeshikana.

Baada ya yule wa kwanza sikununua msafishaji mwingine. Nilichukua kamba msafishaji, mwekundu mgongoni mwenye mstari mweupe na masharubu marefu meupe. Kazi yake ni ileile, na miamba yetu ni kwao pia, lakini hategemei wateja. Hula chochote kinachoanguka, kuanzia mabaki ya kamba wenziwe hadi chembe za chakula cha pakiti. Kangaja akimjia hupanda, humkagua kidogo, hushuka. Asipojiwa, hana shida.

Ijumaa jioni huwa nabadilisha maji. Natoa ndoo mbili, nasugua kioo, nachokoa mchanga kwa mpira. Wiki iliyopita niliuzamisha mkono hadi kwenye kiwiko kunyoosha jiwe, nikahisi kitu chepesi juu ya kidole. Kamba alikuwa amepanda mkononi, vikucha vyake vidogo vikifanya kazi chini ya ukucha wa kidole gumba. Nilikuwa nimetoka shambani mchana. Nikauacha mkono pale mpaka maji yakaanza kunipa baridi, kwa sababu kwa mara ya kwanza katika tangi lile nilikuwa nimemletea kinyozi mteja mwenye uchafu wa kweli.